Shajara ya mradi: Kiingereza cha ofisini na cha jirani, Columbus, Ohio

Agosti, wiki ya mwisho

Nimehama ghalani, sasa niko ofisini. Kampuni ni ya kusafirisha mizigo, idara ni ya hesabu, na kazi yangu ni kufuatilia ankara ambazo wateja hawajalipa. Kule ghalani Kiingereza hakikuwa shida. Zamu yetu ilijaa Wakongo na Wabantu wa Somalia, Kiswahili kikatutosha tangu kuingia hadi kutoka, na msimamizi akitaka jambo alionyesha kwa kidole. Ofisini Mswahili ni mimi peke yangu.

Kiingereza nimekisoma. Sekondari nilisoma Tanga, na Tanzania ukishamaliza darasa la saba masomo yanageuka Kiingereza mpaka chuo. Uhasibu wangu wote nimeusomea kwa lugha hiyo. Barua pepe naandika bila kusita. Lakini nikiingia kikao cha Jumatatu asubuhi, natoka na nusu ya yaliyosemwa, na hiyo nusu yenyewe nimeiokoteza kwenye nyuso za watu.

Basi nimefungua mradi. Sijauita "kuboresha Kiingereza", maana hilo ni jina la kozi na kozi nimeshazichoka. Lengo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari: nitoke kikaoni nikijua nani kapewa kazi gani, na mchana niweze kukaa meza moja na wenzangu bila kujifanya nasoma simu.

Hatua ya kwanza ni kupima. Daftari nimeligawa safu tatu. Ya kwanza, "sikusikia": maneno ambayo nikiyaona yameandikwa nayajua, ila yalinipita yakawa kelele. Ya pili, "nimesikia, sijaelewa". Ya tatu, "neno jipya". Vikao vya mtandaoni vinasaidia sana hapa, kwa sababu maandishi yanatokea chini ya skrini na ninaweza kulinganisha nilichosikia na kilichosemwa.

Septemba, mwanzoni

Matokeo ya kipimo: safu ya tatu iko karibu tupu. Ile programu ya kukariri maneno niliyokuwa nailipia kila mwezi nimeifuta kwenye simu. Maneno ninayo. Nilichopungukiwa ni masikio, pamoja na yale mambo ambayo watu wa hapa wanayajua wote bila kuambizana. Mradi utakwenda kwa njia hizo mbili, naanza na masikio.

Kiswahili kinaipa kila silabi haki yake, na mkazo tunajua unakaa wapi: silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache. Kiingereza cha hapa kinachagua silabi moja au mbili katika sentensi nzima, kinazitilia nguvu, zilizobaki kinazimeza. Mimi nilikuwa nikisubiri kila neno lifike likiwa kamili, kumbe wenyewe wanasikiliza zile chache zenye nguvu tu.

Halafu kuna hili ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Herufi t ikikaa katikati ya irabu, Mmarekani anaitamka kama r yetu, ile ya kugonga ulimi mara moja. "Water" ni wara. "City" ni siri, kabisa. "Get it" ni geri. Sauti hiyo Mswahili anayo mdomoni tangu utotoni, hana haja ya kuitafuta kokote. Tangu nimelijua hili safu ya kwanza inapungua.

Tofauti ya "can" na "can't" nayo nimeielewa wiki hii. Shuleni tulifundishwa kuisikiliza t ya mwisho. Hapa hiyo t mara nyingi haisikiki. Anayesema anaweza kulipa Ijumaa, "can" yake inakuwa kn tu, nyepesi, na uzito unaangukia "pay". Anayesema hawezi kulipa, "can't" inatoka na irabu pana, nzito, utadhani ndiyo habari yenyewe. Na ndiyo habari yenyewe. Kwa mtu anayedai madeni ya kampuni kwa simu, hapo ndipo penye kujua fedha inakuja au haiji.

Tarakimu zimenikalisha kuliko yote. Namba za "-teen", 13 hadi 19, zina uzito mwishoni na n inayosikika. Za "-ty", yaani 20, 30 hadi 90, ni nyepesi, na nyingine zinaishia kwa ile r ya kugonga: 40 ni fori, 80 ni eri. "Twenty" ni tweni. Elfu moja mia tano wao husema "fifteen hundred", yaani mia kumi na tano. Na "two-fifty" inaweza kuwa dola 2.50, dola 250 au dola 250,000, inategemea nani anaongea na nani. Mama mmoja wa meza ya jirani, mkongwe wa idara, huuliza bila haya: "One-five or five-zero?", yaani 15 au 50. Swali hilo nimelichukua lilivyo. Tarehe nazo wanaanza na mwezi, 9/10 ni Septemba 10, kwa hiyo mwezi sasa nauandika kwa herufi na nimepumzika.

Zoezi la kila asubuhi: garini, kwenye barabara ya mzunguko ya I-270, nafungua redio ya umma ya hapa, WOSU, namfuatisha mtangazaji kwa sauti, nyuma yake kidogo, kama mtoto wa chuoni anavyomfuatisha ustadhi. Maana siitafuti. Nafuata mapigo tu. Madereva wa pembeni wananitazama, waache watazame.

Septemba, mwishoni

Kando ya mradi. Rafiki yangu wa ghalani, Mkongo wa Uvira, kaniomba nimsaidie CV yake. Alikuwa ameweka tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, idadi ya watoto na picha, kama tulivyozoea kwetu. Vyote tumevitoa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, na sheria nyingine ya 1967 inawalinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Kwa hiyo mwajiri mwenye akili hataki hata kuyaona mambo hayo, yasije yakamrudia mahakamani.

Wakati tunafuta mistari ile nikaanza kuelewa jambo la meza ya chakula. Wenzangu ofisini hawajaniuliza kama nimeolewa, nina watoto wangapi, nasali wapi. Kwetu mtu asiyekuuliza hayo ni mtu asiyekujali. Hapa uzio ule wa kwenye usaili wameuhamishia mpaka kwenye maikrowevu. Wewe mwenyewe ukitaja mtoto wako wanauliza kwa furaha, usipotaja wanangoja. Kinachoulizwa ni wikiendi: "Any plans?" Ukijibu "nothing much" umefunga mlango. Inatakiwa kitu cha kushikika, hata kidogo: nampeleka mwanangu kuogelea, natafuta samaki mzuri wa kupika. Mwenzako atashika hapo hapo, ataeleza la kwake, mazungumzo yametoka.

Na wale wanaolalamika kwamba Mmarekani anauliza "how are you" na hataki jibu, naona tunajisahau. Sisi tunajibu "nzuri" na homa imetushika, kisha ndiyo tunaanza kueleza.

Oktoba

Wamarekani wanajisifu kuwa wanasema wazi. Kwenye idara yetu sijauona uwazi huo.

Meneja alikuja mezani kwangu na karatasi ya ulinganisho wa hesabu za benki, akaiweka juu ya kibodi taratibu, akasema nikipata nafasi huenda ningependa kuiangalia tena mistari ya chini: "You might want to take another look." Akatabasamu, akaondoka. Sentensi niliisikia yote, neno kwa neno, masikio yalishafanya kazi yake. Ikaingia safu ya pili. Nikamgeukia mama wa meza ya jirani: hii ni hiari au ni amri? Bila kuinua macho kwenye kompyuta akaniambia ni amri, na ni kabla ya chakula cha mchana. Nikarudi kwa meneja nikauliza anaitaka saa ngapi. Akajibu, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kuulizwa, "by noon would be great".

Swali hilo la saa ndiyo zana kubwa ya mwezi huu. Halina ukorofi, linaonyesha umekubali kazi, na linaitoa amri mafichoni.

Nimeanza kuziorodhesha amri za kujifunika. "Would you mind" ni amri. "When you get a chance" ni leo. "Let's think about that" mara nyingi ni hapana. "That's an interesting idea", ukisikia na kimya baada yake, wazo limezikwa. Kwenye barua za madeni kuna ngazi kabisa: kwanza tunatuma ukumbusho wa kirafiki, "friendly reminder", na hauna urafiki wowote, kisha "following up", kisha "past due" kwa herufi nene. Mteja akirudisha barua inayoanza "per my last email", yaani kama nilivyokwisha kukuandikia, ujue kanuna.

Sisi watu wa pwani tumekulia kwenye mafumbo. Tanga mtu anajifunga kanga apite mbele ya mlango wa mgomvi wake, na mtaa mzima umeshasoma. Sielewi kwa nini nilikuja hapa nikidhani maneno yatakuwa na tabaka moja. Sasa nasikiliza meneja anavyosema kwa sikio lile lile la kwetu, na linafanya kazi.

Lililonishinda ni majina. Mkurugenzi ana mvi kichwa kizima na vijana wa umri wa wajukuu zake wanamwita kwa jina la kwanza. Mdomo wangu unagoma. Kwa sasa naanza sentensi bila jina lolote.

Novemba

Mwezi wa njia ya pili, yale wanayoyajua wote. Novemba ya hapa imejaa: Jumapili ya kwanza saa za ukutani zinarudishwa nyuma saa moja, fomu za bima ya afya za mwaka ujao zinafika, kisha Thanksgiving, sikukuu ya kushukuru, kisha mechi ya Michigan.

Bila mpira wa Kimarekani wa Ohio State, chuo kikuu cha hapa, huwezi kuongea na mtu mji huu kati ya Septemba na Desemba. Uwanja wao ulifunguliwa 1922 na unaingiza zaidi ya watu 100,000, kwa mechi ya wanafunzi wa chuo. Mtu akipaza sauti "O-H!" dukani, mtu asiyemjua anaitikia "I-O!" kutoka upande wa maziwa. Mechi na mahasimu wao, chuo kikuu cha Michigan, kwa kawaida ni Jumamosi baada ya Thanksgiving, na wiki hiyo herufi M kwenye mabango ya chuo zinabandikwa alama nyekundu ya kukata. Wapo wasiolitaja hata jina. Wanasema ile timu ya kaskazini.

Nimejifunza kiasi cha kuvukia tu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, karibu mita tisa; ikifika inapewa manne mengine, isipofika inaachia mpira. Hilo likishakaa kichwani mchezo unaacha kuwa fujo ya watu kuangushana. Ijumaa naingia na kitambaa chekundu, Jumatatu nauliza "did you watch it?" na nakaa kimya. Watu wataongea wenyewe dakika nzima, nami nafanya mazoezi ya kusikiliza bure.

Mwenzangu kanialika Thanksgiving kwao. Sikukuu hii Lincoln aliitangaza 1863, na sheria ya 1941 ndiyo iliyoifunga kwenye Alhamisi ya nne ya Novemba. Niliuliza nilete nini, nikaambiwa nijilete mwenyewe. Mama wa meza ya jirani akatafsiri: usije mikono mitupu. Nikapeleka sambusa. Bata mzinga nilikula, nyama ya nguruwe waliitenga mbali bila mimi kusema kitu, na kabla ya kula kila mmoja alitaja jambo la kushukuru. Siasa hakuna aliyeigusa, nadhani walikubaliana kabla.

Kilichonifurahisha ni kuaga. Baba wa nyumba alijipiga magoti kwa viganja viwili, akavuta pumzi, akasema "well". Nikadhani ndiyo tumeondoka. Ikafuata nusu saa ya kusimama sebuleni, halafu mlangoni, halafu kwenye ngazi, halafu akatusindikiza mpaka garini, akainama dirishani akauliza tutapita njia gani. Kule Marekani ya kukimbia na saa niliyoisikia nikiwa nyumbani, mtu wa kukusindikiza mpaka garini sikumtegemea.

Desemba

Chakula cha mchana cha idara, mgahawani. Kanuni mbili. Aliyesema "let's go to lunch" hajasema atalipa. Kila mtu na bili yake, isipokuwa atamke kwamba analipa. Na bakshishi siyo hisani. Kiwango cha chini cha shirikisho kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991. Majimbo mengi, Ohio likiwamo, yamepandisha, lakini bado ni mshahara unaotegemea meza. Asilimia 15 ni ya chini, 20 ndiyo wanayoacha wenzangu. Ukijua hesabu hiyo unaacha bila kununa.

Januari

Baridi. Redio tu. Joto nalihesabu kwa mkato: toa 30, gawa kwa mbili, unakaribia selsiasi. Habari za hali ya hewa hapa zina faida moja, unaweza kuongea na yeyote kwenye lifti na lifti ikafika.

Machi

Mwezi wa simu. Kwa simu hakuna midomo, hakuna maandishi chini ya skrini, na upande wa pili yupo mtu asiyetaka kuongea nawe kwa sababu anadaiwa.

Jina kwanza. Naitwa Mwanahamisi. Kazini walishaanza kunikata: Mwana, Hami, mmoja akasema "can I call you Misi?" Nikakataa kwa tabasamu, nikawafundisha. Funga midomo kama unayeonja mchuzi mtamu, mm, kisha fungua, wa. Mmwa. Kijana wa mapokezi aliyaweza yale mawili akashangilia, baadaye mengine yakamwagika yenyewe. Mama wa meza ya jirani alikataa kuonyeshwa, akafanya mwenyewe kimyakimya siku kadhaa, kisha asubuhi moja akanisalimu kwa jina zima, sawasawa kabisa, akaendelea kuchapa.

Kwa wateja sina muda huo. Nalitaja kwa herufi, kila moja na jina lake la kushikiza: "M as in Mary, W as in William". Na ujumbe wa sauti nauacha kwa mpangilio mmoja: jina, kampuni, namba ya ankara, namba ya simu polepole, kisha namba ya simu tena. Kurudia namba ni adabu, kunampa mtu nafasi ya kutafuta kalamu.

Kumaliza simu kulinichukua muda. Mmarekani hasemi "nataka kukata". Anakuachia wewe uende: "I'll let you go", utadhani ni wewe uliyekuwa na haraka. Nimeanza kuitumia kwa wateja waongeaji na inafanya kazi ajabu, mtu anashukuru kwa kufukuzwa.

Mfungo umeingia katikati ya haya. Maswali yamekuwa mengi, hasa lile la maji, kama kweli hata maji hapana. Nilipowaeleza kwamba Jumapili ya pili ya Machi saa zilisogezwa mbele na futari ikachelewa saa nzima kwa usiku mmoja, ingawa jua halikubadili kitu, meza nzima iliungana nami. Chuki ya kubadilisha saa wanayo wote. Sijapata mada iliyonipa urafiki haraka kama hiyo.

Aprili

Safu ya pili ilikuwa na kundi la misemo iliyokataa kueleweka, na kila nikiuliza naambiwa imetoka kwenye beziboli. Makadirio ya bei ni "ballpark". Kuwasiliana kidogo ni "touch base". Swali la ghafla limetoka "left field". Mteja mjanja katupa "curveball". Niliamua kuacha kuikariri, niende nikaone.

Columbus ina timu ya daraja la pili kutoka juu, Clippers, iliyo chini ya timu ya ligi kuu, Cleveland Guardians. Uwanja wao, Huntington Park, ulifunguliwa 2009, mdogo, wa kupendeza, uko katikati ya mji. Kuna usiku wanauza soseji kwa senti kumi na watu wanabeba masanduku. Mimi nilikula bisi. Mama wa meza ya jirani alikuja na mumewe na daftari dogo la kuandikia matokeo, penseli nyuma ya sikio, na akaniweka katikati yao.

Mrushaji anarusha, mpigaji ana kigongo. Mpira ukipita kwenye eneo lake asiupige, au akikosa, ni kosa moja, matatu, katoka. Mirusho minne ikienda nje ya eneo, anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana, na hivyo mara tisa. Mkimbiaji lazima aguse kila kituo, asipogusa mbio zake bure: hapo nikaona "touch base" kwa macho yangu. Mama akanionyesha kwa penseli upande wa kushoto wa uwanja, mbali kabisa, yule mchezaji aliyesimama peke yake kwenye nyasi. Mrusho kutoka kule nani angeutegemea? Na mpira wa kupinda niliuona pia, ulikuja ukiwa umenyooka kisha ukaanguka miguuni pa mpigaji, akapiga hewa, mume wa mama akacheka kwa sauti.

Mvua ilinyunyiza kidogo. Hapo ndipo nilipojua "rain check" ni nini: kipande cha tiketi walichokuwa wakipewa watu mechi ikivunjika kwa mvua, warudi siku nyingine. Mtu akikataa mwaliko wako kwa neno hilo anakuambia leo hapana, niulize tena. Na kweli ukimwuliza tena anakuja, nimejaribu. Tofauti na "we should get coffee sometime", ambayo ni salamu tu na haina tarehe.

Mchezo wenyewe ni wa polepole. Watu wanaongea zaidi kuliko wanavyotazama, na nadhani ndiyo sababu umewaachia maneno mengi.

Mei

Chakula cha pamoja ofisini, kila mtu na sahani yake. Kuna karatasi ya kujiandikisha ukutani, na asiyejua kupika anaandika "vikombe na barafu" bila aibu. Nilijiandikisha mkate wa ufuta. Kabla sijapika nikaulizwa viungo, kwa maandishi. Kijana mmoja wa idara ya mizigo ana mzio, na tangu 2023 ufuta umo kwenye orodha ya vyakula 9 ambavyo sheria ya shirikisho inataka viandikwe wazi kwenye pakiti. Nikapika mikate ya aina mbili, ya ufuta na isiyo na ufuta, kila mmoja na kikaratasi chake, kwenye sahani zilizoachana.

Ile ya ufuta iliisha mapema. Nilisimama karibu nayo nikaulizwa: inapikwa kwenye nini, hiyo harufu ni ya nazi, Tanga iko wapi, bahari ipi. Kwa miezi yote hii mimi ndiye nilikuwa mwulizaji. Kueleza unga uliolala usiku kucha, kumimina kikaangoni, kugeuza chungu juu chini ukiwa umeushikilia mkate kwa maji ya chumvi ili uso wake uive kwa moto, kwa Kiingereza, mikono yangu ikisaidia, hilo halikuwa kwenye mpango wa mwezi wowote. Mkurugenzi alikuja kuomba kipande. Nikamwita kwa jina lake la kwanza, likatoka.

Juni

Hali ya mradi. Kikao cha Jumatatu natoka nacho karibu chote. Safu ya kwanza inapata kitu watu wakiongea kwa pamoja au mtu akiongea kutoka kwenye gari. Safu ya pili imebaki na utani, na utani wao mwingi umekaa juu ya matangazo ya televisheni na vipindi vya watoto vya miaka ya tisini. Huko siendi. Lafudhi yangu sijaigusa na sitaigusa, watu wananielewa.

Kazi iliyo mezani sasa ni tathmini ya kazi ya nusu mwaka. Kila mfanyakazi anajaza fomu ya kujieleza mwenyewe kabla ya kukaa na meneja, na inahitaji ujisifu. Nimelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa "we": tumepunguza madeni, tumepanga upya faili. Mama wa meza ya jirani aliisoma, akauliza, nani aliyepiga hizo simu? Nikasema mimi. Akasema basi andika wewe, hakuna atakayeandika kwa niaba yako, na nyongeza ya mshahara inatoka kwenye karatasi hii.

Alinionyesha umbo la sentensi: kitenzi, kiasi, muda. Sifa kama "hardworking" akazikata zote kwa penseli, maana kila mtu anaziandika. Nimerudi kwenye ripoti za ankara zilizopita siku 60 bila kulipwa, za Septemba na za sasa, nimetoa tofauti, nimeiweka mstari wa kwanza. Ya pili ni ule mpangilio wa ujumbe wa sauti, ambao wenzangu wawili wameshauchukua. Ya tatu bado naitafuta, inatakiwa iwe ya "leadership", uongozi, na sijaamua kama kumfundisha mgeni wa idara kutumia mfumo wa ankara inahesabika. Mama anasema inahesabika.

Fomu inafungwa mwisho wa wiki.